Ndoo na Ndoo

Wiki iliyopita ndoo ya nyumbani kwetu Mkomani, kisiwani Lamu, ilipasuka. Baba alinipigia simu huku Mombasa kunipa habari hiyo kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, kisha akanyamaza. Mwanangu aliyekuwa akisikiliza akacheka. Akasema babu amezeeka, ndoo za plastiki zimejaa madukani, anunue nyingine yaishe. Nilimtazama kwa jicho lile ambalo mama yangu alikuwa akinitazama nalo, akatoka jikoni bila kuambiwa.

Ndoo yenyewe haikuwa na ajabu. Ilikuwa ya bluu, yenye mshikio wa waya, na jua la miaka mingi lilikuwa limeipausha mpaka ikakosa jina la rangi. Lakini harufu ya plastiki mpya, ile inayokupiga usoni ukiingia duka la vyombo, mpaka leo huniliza. Nikiwaona watu wa umri wangu wakilizwa na harufu ya udi au ya asumini huwaonea wivu kidogo. Wao angalau wanalizwa na kitu kinachonukia vizuri.

Yote yalianza na ndoo nyingine, ya bati, ambayo kaka yangu Shee aliitoa kitako. Shee alikuwa mrefu kupita kiasi. Milango ya nyumba zetu za mawe hukulazimisha uiname, na yeye alikuwa na uvimbe wa kudumu kwenye paji la uso kwa kusahau kuinama. Siku moja alichukua patasi ya Baba, akaikata ndoo ya Mama kitako, akaipigilia misumari kwenye ukuta wa gofu lililopakana na nyumba yetu, akaanza kutumbukiza mpira ndani yake. Mama alikwenda kisimani na kamba mkononi, ndoo asiione. Alipoikuta ukutani imekuwa duara tupu alishika kiuno, tukajua leo ni leo. Kumbe akacheka. Mama alikuwa na kicheko kinachoanzia puani, kinachokataa kutoka, na kikitoka hakina breki. Alimwambia Shee ndoo yake ataileta, hata kama ataileta akiwa na mvi. Mimi nilichouliza, na hakuna aliyenijibu, ni kwa nini mchezo ule uitwe mpira wa kikapu na hali pale pana ndoo.

Hapa lazima niseme neno juu ya lugha yetu, maana bila hilo hamtaelewa kilichotupata. Wako wanaosema sisi Waamu, watu wa Lamu, tumekiharibu Kiswahili. Waache waseme, mdomo ni mali yao. Kwetu njia ni ndia, nchi ni nti, kucheza ni kuteza. Na mtu akikuita hakwambii njoo, hukwambia ndoo. Ila ndoo hiyo ya kuitwa hutamkwa ulimi ukigusa meno, kwa ulaini, na ndoo ya maji ulimi wake hurudi nyuma ukapiga juu ya kinywa. Mtoto wa Amu hazichanganyi, kama asivyochanganya kuteka maji na kuteka mtu, ambako ni kumcheka. Mdomoni ni maneno mawili yasiyojuana kabisa. Ukiyaandika tu yanakuwa neno moja.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Mwalimu Mutua. Huyu alitoka Ukambani kuja kufundisha hesabu katika shule ya upili aliyosoma Shee, na ndiye aliyechomelesha duara la chuma la kweli, akasimamisha nguzo uwanjani na kuwafunza vijana mchezo wenyewe. Jioni moja Mama alikwenda kumwita Shee asije akapitwa na magharibi. Akasimama ukutani na buibui lake akaita, Shee, ndoo. Shee, ndoo. Mwalimu Mutua, mtu mwenye heshima kwa kina mama, akauacha mpira, akaenda mbio jikoni mwa shule, akarudi na ndoo imejaa maji pomoni. Akaiweka miguuni pa Mama, akamwuliza kama yatamtosha. Mama alirudi nyumbani ameshika mbavu, na tangu siku hiyo vijana wote walimwita mwalimu wao Mwalimu Ndoo. Naye hakuchukia. Alijifunza kulitamka neno letu, ila ulimi wake haukufika menoni hata mara moja.

Baba hakucheka sana siku zile. Yeye ni fundi wa kuchonga milango, kama alivyokuwa baba yake, na Shee alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume. Alikwenda uwanjani mara moja tu, akayaona mapaja ya mwanawe nje mbele ya watu, akageuka akarudi karakana. Mwalimu Mutua alimfuata, akakaa naye barazani, akanywa kahawa mpaka mikono ikamtetemeka, akaahidi kwamba Shee atavaa suruali ya kubana chini ya kaptula ili magoti yasitirike. Baba akakubali kwa sharti moja, mchezo wa shule uishe na shule. Karakana kulikuwa na mlango mkubwa wa mbao mbili. Ubao wa kulia alikuwa ameshauchonga yeye. Wa kushoto alimwekea Shee.

Lakini mchezo haukuisha na shule. Timu ya Mwalimu Mutua iliwashinda wa kwetu Amu, ikaenda Mombasa ikawashinda wa Pwani, ikafika kwenye michezo ya shule za nchi nzima. Huko walifungwa vibaya, hilo Shee hakulificha. Ila mtu wa klabu moja ya Dar es Salaam alikuwa amekaa jukwaani, akamwona kijana mwembamba anayecheza na suruali ya kubana na viatu vya kuazima, na Shee alipomaliza kidato cha nne simu ikaja. Klabu ile ilicheza ligi ya kulipwa. Watampa chumba, mshahara, na daktari wa magoti. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na kilichonishangaza ni hicho tu, kwamba magoti yana daktari wake.

Waliagana karakana, kama kule ni kuagana. Mimi nilikuwa sakafuni nikicheza na maranda ya mbao. Baba alikuwa ameinamia kazi yake, hakuinua kichwa.

"Mteza kwao hutuzwa," alisema.

"Kwetu hakuna ligi, Baba," Shee akajibu.

Baba akaweka patasi chini, polepole. Jioni alimwambia Mama kwamba mwana akililia wembe mpe, na kuanzia hapo hakulitaja jina la Shee mwaka mzima. Simu ya Shee ilipolia kila Ijumaa baada ya chakula, Baba alivaa makubadhi yake akaenda zake karakana, hata kama wali ulikuwa bado katika sahani.

Kwa hiyo maneno ya simu zile tuliyajua Mama na mimi peke yetu. Mwanzo Shee alikaa benchi, akawa anabeba chupa za maji. Halafu mwenzake mmoja akateguka mguu, Shee akaingizwa, hakutoka tena. Alituambia watu huja kutazama wakiwa wamelipa, na kwamba kuna mtoto aliyemwomba amwandikie jina kwenye shati. Mama akamwuliza kama aliliandika kwa hati nzuri. Kisha siku moja akasema timu yake inaitaka ndoo mwaka huu. Mama hakuelewa. Shee akamweleza kwamba Dar kombe la ubingwa watu huliita ndoo, atakayeshinda amebeba ndoo.

"Basi niletee hiyo," Mama akamwambia. "Yangu uliitoa kitako."

Wakacheka wote wawili, kule na huku. Ukawa utani wao wa kila Ijumaa. Mama hakuanza tena kwa salamu, alianza kwa kuuliza ndoo yake iko wapi, na Shee akimjibu iko njiani.

Mama alipoanza kuvimba miguu hakumwambia Shee. Uso wake nao ukawa mpana, pete ikamkaza kidoleni, na daktari wa hospitali akasema ni figo, apunguze maji. Mama alitupiga marufuku, Baba na mimi na dada yake Bi Zena aliyekuja kutuuguzia, kwamba asiwepo wa kumpelekea Shee habari. Ijumaa alijinyanyua kitandani, akajitengeneza sauti, akauliza ndoo yake iko wapi. Simu ikikatwa alilala tena na jasho likimtoka.

Mimi neno figo halikuniingia. Nilichoona ni mtu mwenye kiu ambaye hapewi maji. Bi Zena alimpa kwa kikombe cha kahawa, vifunda viwili, kisha akamlowesha midomo kwa kitambaa, na Mama alikifuata kitambaa kile kwa mdomo kikiondoka. Nikafanya hesabu yangu ya kitoto. Tangu Shee aikate ndoo, tulikuwa tukitekea maji kwa dumu la mafuta lililokatwa juu, dogo, linalomwaga nusu kabla ya kufika juu ya kisima. Nikaona ndiyo sababu. Nyumba haina ndoo, Mama hapati maji.

Alhamisi moja Mama alifumbua macho akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mwambieni ndoo." Ulimi wake ulikuwa mzito lakini niliusikia ulivyogusa meno. Anaitwa Shee aje nyumbani.

Baba alitoka dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, akapiga simu mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu waagane karakana. Haikupatikana. Mama alikuwa ametuambia Ijumaa iliyotangulia kwamba timu itakuwa kambini, Shee hatapiga Ijumaa hii, fainali ni Jumamosi, na kocha hukusanya simu za vijana akawarudishia kidogo tu alasiri. Baba akaamua kuandika. Nilikaa karibu naye nikamwona akiandika kwa kidole kimoja, maneno mengi, kisha akiyafuta. Bi Zena alimwambia amweleze kijana kwamba mamake ni mgonjwa sana. Baba akakataa. Alisema mtu aliye peke yake ugenini hasomeshwi habari kama hiyo kwenye simu, akaanguka pasipo wa kumshika. Na mama akikuita, alisema, huulizi sababu. Akaandika maneno matatu, akayapeleka. *Mamako asema ndoo.*

Jibu likaja alasiri. *Mwambie Mama naileta inshaallah. Asichoke kunisubiri.*

Baba alilisoma mara mbili, akauliza analeta nini. Akasema labda ni dawa, labda kuna mtu wa Amu amemwambia, la muhimu ni kwamba kijana ameshika njia. Niliuona uso wake umelegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona muda mrefu. Akanipa simu nikamsomee Mama.

Nilimsomea. Akataka nilirudie lile neno moja. Nikarudia, naileta. Akafumba macho. Kisha kile kicheko cha puani kikaanza, kidogo, kama kimetoka mbali, na chozi likamteremka mpaka sikioni. Nami nikacheka, maana nilikuwa nimeelewa. Ndoo inakuja. Mama atakunywa maji.

"Mwandikie," akaniambia. "Mwambie haya, mwanangu. Nangoja."

Nikaandika. Baba alipoingia kumwuliza Shee amesemaje, Mama akamjibu neno moja tu. "Yuaya." Anakuja. Baba akaenda kuoga, akavaa kanzu safi, akashuka gatini kupokea boti.

Alipokea boti za siku ile zote, na za kesho yake, na za Jumamosi. Kila aliporudi uso wake ulikuwa umepungua kitu. Bi Zena alimshauri apige tena simu, akasema mtu aliye njiani hapigiwi. Jumamosi alirudi amekaza taya, akakaa mlangoni pa chumba cha Mama bila kuvua kofia. Mama alikuwa hasemi tena. Mimi nilikaa dirishani nikisikiliza hatua za watu wanaopita kichochoroni, nikingoja za Shee, na mkononi nimeshika kamba ya kisimani nimeikunja vizuri.

Mama alifariki Jumapili asubuhi, akazikwa kabla ya alasiri. Katika kumwosha walitumia maji mengi. Nilikuwa nje ya chumba nikiyasikia yakimwagika, ndoo baada ya ndoo walizoazima kwa majirani, nikawa najiuliza kwa nini maji haya yote hayakuja jana. Mwalimu Mutua alikuja maziko akiwa amevaa kofia ya kuazima, akampa Baba mkono wa pole. Akasema amejaribu kumpigia Shee mara nyingi, laini yake ya Tanzania haipatikani, huenda amevuka mpaka.

"Mwanafunzi wako amefiwa na wazee wawili leo," Baba akamwambia. "Mwambie asije kwangu."

Akaja Jumatatu adhuhuri. Wanaume walikuwa barazani wakisoma, kila mmoja na juzuu yake, na mimi nilikuwa nimekaa dakani kwa sababu ndani kulijaa wanawake. Nilimwona kabla ya wote, kichwa chake kikipita juu ya vichwa vya watu kichochoroni. Tangu gatini watu walikuwa wamemtazama na kuinamisha macho, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia. Mkononi alikuwa na ndoo mpya ya bluu, bado ina karatasi ya dukani. Ndani aliweka leso mpya, na juu ya leso nishani ya ushindi na kipande cha wavu walichokikata kwenye goli. Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu limeanza kumchoka.

Baba alisimama. Mkono wake ulikuwa umeshainuka kumwonyesha njia aliyojia.

"Mbona watu?" Shee akauliza. "Mama yuko wapi? Nimemletea ndoo yake."

Mkono wa Baba ukabaki hewani. Nilikuwa karibu naye na nikaiona midomo yake ikilirudia lile neno bila sauti, mara moja ulimi ukiwa nyuma, mara moja ukiwa menoni. Akauliza kwa sauti ndogo sana, ndoo gani. Shee akasema, si wewe uliyeniandikia, Baba, mamako asema ndoo. Alisema furaha yake siku ile haikuwa hata ya fainali. Ilikuwa ya kuona kwamba Baba amejua utani wao na amekubali kuubeba.

"Sikukwambia ndoo," Baba akasema. "Nalikwambia ndoo."

Hapa mnaposoma hamwoni tofauti. Nasi hatukuiona. Shee aliisikia. Aliiweka ndoo chini taratibu, kama iliyojaa, akaitazama, akawatazama wale wanaume na juzuu zao. Alikaa chini katikati ya njia. Baba akateremka barazani, mzee mwenye maringo kama yeye, akaenda akachutama mbele yake, akalisema tena, ulimi menoni.

"Ndoo, mwanangu. Ndoo."

Siku ile ile walikwenda makaburini wawili. Mimi nilifuata nyuma, sikukatazwa. Shee aliteka maji njiani kwa ile ndoo, akayamwaga juu ya udongo wa Mama, ukayanywa mara moja. Akaenda akateka mengine. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliona hatimaye amepewa ya kutosha.

Shee alikaa mpaka arubaini ikapita, kisha Baba mwenyewe akamsindikiza gatini, akamwambia kateze. Alicheza miaka mingi, Dar na kwingine, mpaka magoti yakakataa, na sasa anafundisha watoto huko huko. Amu wanamtaja kwa fahari, hata wale waliokuwa wakiyasema mapaja yake. Lakini najua kwamba mtangazaji wa redio akisema timu fulani imebeba ndoo, Shee huinuka akatoka nje. Na ule ubao wa kushoto bado uko karakana, haujaguswa na patasi ya mtu.

Ilinichukua mpaka nilipozaa mimi mwenyewe ndipo nikakielewa kile kicheko. Sisi sote tulilisoma lile jibu vibaya. Baba aliona safari, mimi niliona maji. Mama peke yake aliliona lilivyo. Alijua kwamba mwanawe hakumwelewa, kwamba haji, kwamba anabaki kuitafuta ndoo yake, na kwamba kumsahihisha ni neno moja tu, na mtoto wa kuliandika amekaa pale na simu mkononi. Akasema mwandikie haya. Akamwambia mumewe yuaya, ili asipige simu tena. Nilimweleza Shee hayo siku moja alipokuja Mombasa. Alikwenda kunawa uso, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi aliniuliza kama kweli Mama alicheka. Nikamwambia kweli alicheka.

Nilisema kwamba wiki iliyopita Baba alinyamaza kwenye simu. Siku hizi akitembea hushika ukuta, na Bi Zena ananiambia sahani yake hurudi jikoni ilivyokwenda. Nilipochoka kungoja nikamwuliza kama anataka nimtumie ndoo nyingine.

"Mwambie Shee ndoo," akasema.

Nikauliza kama nimwandikie sasa hivi. Akasema hapana, hilo lisiandikwe, nimpigie nimwambie kwa mdomo. Kisha akalirudia polepole ili nisikosee, na hata kwa simu ile mbovu niliusikia ulimi wake ulipogusa meno.